Pemba, Kisiwa cha Kijani: Kapu la Sokoni na Chupa ya Dukani

Msafiri atokaye Unguja kwenda Pemba kwa meli aghalabu hushukia Mkoani, bandari iliyo upande wa kusini wa kisiwa. Kabla chombo hakijafunga gatini, huwa ameshaona kwa macho yake kwa nini Waarabu wa kale walikiita kisiwa hiki Al-Jazira Al-Khadhraa, yaani Kisiwa cha Kijani. Vilima hufuatana na mabonde, na mabonde hufuatana na vilima. Juu ya vilima imesimama mikarafuu na minazi, na chini mabondeni mna mpunga. Udongo ni mwingi, mvua ni nyingi, na mkono wa mkulima haujachoka.

Wageni wengi huijua Pemba kwa karafuu zake, na haki yao. Mwaka 1872 kimbunga kikubwa kiliiangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa; tangu hapo ndiyo imekuwa shamba kuu la zao hilo. Lakini mimi leo sikukusudia kuwaeleza wasomaji wetu habari za karafuu. Nakusudia kuwachukua sokoni, kisha kwenye duka la dawa, kisha kwenye maabara moja iliyo kijijini, kwani katika pahala hapo patatu mna mafunzo makubwa juu ya suala lililomo katika kila nyumba yetu siku hizi: je, siha ya watoto wetu tuitafute katika chakula, au tuinunue katika chupa ya vidonge?

Kutoka Mkoani barabara huelekea kaskazini mpaka Chake Chake, mji ulio katikati ya kisiwa. Soko lake ni kama masoko yetu yote ya pwani: kelele, harufu ya samaki, na watu kusalimiana kama kwamba hawakuonana mwaka mzima. Lakini tazama vilivyopangwa. Kuna mafungu ya mchicha, matembele, kisamvu na majani ya kunde. Kuna muhogo, viazi vitamu, ndizi mbichi na mashelisheli. Kuna kunde, choroko na mbaazi. Kuna maembe na mapapai kwa msimu wake, mapera, machungwa, mabalungi na ndimu. Upande wa pili kuna samaki wa kila namna, pweza, na dagaa waliokaushwa kwa jua. Na kila pahala, nazi.

Nilisimama mbele ya bibi mmoja aliyekuwa akifunga matembele kwa ukindu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu matembele."

"Nyinyi huku mnayapika vipi?"

"Kwa nazi, mwanangu. Majani pasina nazi ni malisho ya mbuzi."

Bibi yule hakupata kusoma kitabu cha elimu ya chakula, lakini maneno yake wataalamu hawayapingi. Majani ya kijani kibichi, kama lilivyo embe bivu na kiazi kitamu chenye nyama ya rangi ya chungwa, yana kitu kiitwacho karotini, ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A. Vitamini hii ndiyo ilindayo macho, na mtoto aliyepungukiwa nayo huanza kwa kutoona vizuri magharibi ikiingia, na mwisho wake unaweza kuwa upofu. Sasa karotini haiyeyuki katika maji. Huyeyuka katika mafuta. Mtu akila majani yaliyochemshwa kwa maji matupu, sehemu kubwa ya karotini hupita tumboni isimfae. Tui la nazi ndilo mafuta yenyewe. Basi wazee wetu walipotia tui katika majani walitafuta utamu, nao wakapata na dawa ndani yake.

Ndimu nayo ina kazi yake. Majani na kunde zina madini ya chuma, na chuma ndiyo mwili uitumiayo kutengenezea damu. Lakini chuma ya mimea huingia mwilini kwa shida, tafauti na ile ya nyama na samaki ambayo huingia kwa wepesi. Ukikamua ndimu juu ya kunde, au ukala chungwa pamoja na chakula, vitamini C iliyomo huifungulia mlango chuma ile. Na ukinywa chai ya rangi pamoja na chakula hicho hicho, chai huufunga mlango. Bora chai ingojee saa moja au mbili.

Na pera, tunda ambalo watoto hulichuma njiani na wakubwa hulidharau, lina vitamini C mara nne hivi kuliko chungwa la uzito ule ule. Gramu 100 za pera zina zaidi ya miligramu 200, nayo haja ya mtu mzima kwa siku ni miligramu 75 hadi 90. Haya basi, mwenye mpera nyumbani kwake anahitaji kununua kidonge cha vitamini C kwa sababu gani?

Matunda haya jamii ya machungwa yana kisa katika pwani yetu, nacho kinafaa kukumbukwa. Mwezi wa Aprili mwaka 1498 vyombo vya Vasco da Gama vilifika Mombasa. Mabaharia wake wengi walikuwa wameshikwa na kiseyeye, maradhi yanayovimbisha fizi na kuzitoa damu, na kumwua mtu baada ya miezi ya kukaa baharini bila ya matunda wala majani mabichi. Mfalme wa Mombasa aliwapelekea kondoo, na pamoja naye machungwa, malimau na miwa kwa wingi. Mwandishi wa safari ile ameandika kwamba wagonjwa wao walipona hapo Mombasa, naye akaona sababu yake ni uzuri wa hewa ya mji. Hewa ya Mombasa ni njema, hatukatai. Lakini sisi tunaojua yaliyokuja kugunduliwa baadaye tunaelewa kuwa yaliyowaponya ni yale yaliyokuwamo kapuni.

Ilipita miaka karibu 250 kabla jambo hili halijapimwa kwa utaratibu. Mwaka 1747 daktari James Lind, katika manowari ya Uingereza iitwayo Salisbury, aliwachukua wagonjwa 12 wa kiseyeye akawagawa wawili wawili, kila wawili akawapa dawa yao mbali. Wawili waliopewa machungwa na malimau ndio walioinuka upesi kuliko wote. Kisha katika miaka ya 1890, huko Batavia, mji ambao leo ni Jakarta, daktari wa Kidachi Christiaan Eijkman aliona kuku waliolishwa mchele mweupe uliokobolewa sana wakilegea miguu, mfano wa watu wenye maradhi ya beriberi. Waliporudishiwa mchele wenye ganda lake la ndani, walipona. Kumbe katika pumba zinazotupwa mlikuwa na uhai. Mwaka 1912 Casimir Funk akavipa vitu hivi vilivyofichika katika chakula jina ambalo ndilo asili ya neno vitamini, na kufika miaka ya 1930 viwanda vilikuwa vikitengeneza vitamini C na kuiuza.

Hapo ndipo mlango ulipofunguka, wa kheri na wa ghururi pia. Kheri ni kuwa maradhi yaliyoua maelfu ya watu yalipata dawa ya hakika. Ghururi ni kudhani kwamba madhali mtaalamu amekwisha kukitoa kilicho bora katika tunda na kukitia katika chupa, basi tunda limekuwa ganda tu. Sivyo hivyo. Kidonge cha vitamini C kina vitamini C. Chungwa lina vitamini C, na maji, na nyuzinyuzi zinazolisafisha tumbo, na madini ya potasiamu, na foleti, na vitu vinginevyo vingi vinavyofanya kazi kwa kushirikiana. Tena chungwa hulifanya tumbo litosheke, na ni vigumu mtu kula machungwa mpaka yamdhuru. Kidonge hakina mpaka huo. Mtu humeza vitano kwa mkupuo mmoja, na asijue kuwa amepita kiasi mpaka mwili umlalamikie.

Sasa tutoke sokoni twende kwenye duka la dawa. Maduka haya yamejaa katika miji yetu yote, na rafu zao zinavutia: chupa zenye picha za watoto wanene wenye kucheka, na maneno ya kuahidi nguvu, akili na damu. Siku ile alikuwapo mama mmoja kijana, mtoto wake amembeba.

"Bwana," akasema, "mwanangu huyu hana raha, hataki kucheza, na viganja vyake vimekuwa vyeupe. Nipe dawa ya kuongeza damu."

Muuzaji alikuwa mtu mzima, mpole. Akamwuliza, "Ameshapimwa, dada?"

"Bado."

"Basi mpeleke kituoni kwanza wampime damu na malaria. Dawa ipo hapa, haikimbii."

Mama akaondoka bila ya kununua. Huenda mwingine angesema kwamba muuzaji yule hajui biashara. Mimi nasema alikuwa mwaminifu, na uaminifu wake ulikuwa na ushahidi ambao umetoka pale pale Pemba, mwendo mfupi kutoka dukani kwake.

Nje kidogo ya Chake Chake, pahala paitwapo Wawi, ipo Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, iliyofunguliwa mwaka 2000. Huko Pemba, katika miaka ile ya mwanzo ya karne hii, Wizara ya Afya ya Zanzibar pamoja na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani waliuliza suali lile lile la mama yule. Watoto wengi wa visiwani walikuwa na upungufu wa damu. Je, tukiwapa watoto wote wadogo madini ya chuma na foliki asidi kila siku, hatutawaokoa wengi? Nia ilikuwa njema kabisa, na kila mtu alitaraji jawabu itakuwa ndiyo.

Wakaandikishwa watoto zaidi ya 24,000, wa umri wa mwezi 1 hadi miezi 35. Wengine walipewa miligramu 12.5 za chuma kwa siku pamoja na foliki asidi, na wachanga nusu yake. Wengine walipewa kidonge kisicho na dawa, ili ipatikane tafauti. Tarehe 19 Agosti 2003 kamati iliyowekwa kuchunga usalama wa watoto ikashauri upande wa chuma na foliki asidi usimamishwe. Watoto waliopewa dawa hiyo hawakuwa wazima zaidi. Kinyume chake, ilikuwa asilimia 12 zaidi kwao kufa au kulazwa hospitali kwa maradhi makali kuliko wale ambao hawakupewa. Matokeo yalitangazwa mwaka 2006, na hapana mtaalamu wa lishe duniani ambaye hakulisikia jina la Pemba.

Sababu ni nini? Pemba ya wakati ule ilikuwa nchi ya malaria nyingi sana. Vijidudu vya malaria, na vijidudu vya maradhi mengine, navyo huihitaji chuma ili vikue na kuzaana. Ukimmiminia chuma mtoto ambaye hakupungukiwa nayo, naye ana maradhi damuni, huenda ukamlisha adui kabla ya kumlisha mtoto. Ushahidi wa pili ulitoka Nepal, ambako utafiti wa namna hiyo hiyo ulifanywa katika sehemu isiyo na malaria nyingi. Huko madhara yale hayakuonekana, ijapokuwa vifo navyo havikupungua.

Lakini msomaji asikimbilie kusema kuwa chuma ni sumu. Katika utafiti ule ule wa Pemba kulikuwa na kundi dogo la watoto waliopimwa damu zao na kutibiwa malaria kwa uangalifu. Miongoni mwao, wale ambao kweli walikuwa wamepungukiwa na chuma walifaidika kwa kupewa. Hili ndilo fundisho lenyewe: kitu kile kile kilichomfaa mtoto aliyepimwa akaonekana anakihitaji kiliwadhuru wengine waliopewa bila ya kupimwa. Tangu hapo Shirika la Afya Duniani limekuwa likisisitiza kwamba katika nchi zenye malaria, watoto wapewe chuma pamoja na kinga na tiba ya malaria, si peke yake. Na Zanzibar yenyewe imeipunguza malaria kwa kiasi kikubwa sana tangu mwaka 2003, kwa dawa mpya, vyandarua vyenye dawa na upuliziaji wa majumba.

Na tuseme mtoto hana malaria, lakini damu yake ni kidogo. Je, lazima iwe sababu ni chakula? Wazee wetu walikuwa na neno safura, maradhi ya mtu kuwa mweupe, kuvimba uso na kukosa nguvu. Safura huletwa na minyoo iishio katika udongo uliochafuliwa kwa kinyesi, nayo huingia kwa kutoboa ngozi ya miguu mitupu, kisha ikajishikiza katika utumbo na kunyonya damu. Katika miaka ya 1990 watoto wa skuli za Pemba walichunguzwa, ikaonekana wazi kuwa minyoo hii ilikuwa miongoni mwa sababu kubwa za upungufu wa damu yao. Sasa mwenye mtungi uliotoboka, je, atautengeneza kwa kuongeza maji? Kidonge cha chuma hakizibi tundu. Tundu huzibwa kwa dawa ya minyoo, kwa choo kizuri na kwa kumvisha mtoto viatu.

Wala si kwetu tu ambako kidonge kilipita mpaka wake. Watu wa Ulaya na Marekani, wenye chakula tele na maabara za kila namna, nao walidanganyika. Wataalamu walikuwa wameona kwamba watu wanaokula sana mboga na matunda yenye karotini hupata saratani ya pafu kwa uchache. Wakasema, basi na tuichukue karotini, tuitie katika kidonge, tuwape wavuta sigara. Huko Finland walipewa wanaume kwa maelfu, katika utafiti wa wavuta sigara 29,133. Matokeo yalipotangazwa mwaka 1994, waliomeza karotini walikuwa wamepata saratani ya pafu kwa asilimia 18 zaidi kuliko wasiomeza. Utafiti wa Marekani uliofanana na huo ulisimamishwa mwezi wa Januari mwaka 1996 kwa sababu hiyo hiyo. Karotini iliyoonekana rafiki ilipokaa katika mboga na matunda, ilipotengwa peke yake na kutiwa kwa wingi katika mwili wa mvuta sigara, iligeuka ikawa hasimu.

Je, maana yake chupa zote zitupwe baharini? La, hasha. Haki ipewe kila mwenye haki. Kuna pahala ambapo chakula peke yake hakitoshi, na kukataa dawa hapo ni ujinga.

Mwanamke anayetaraji kushika mimba, na katika wiki 12 za mwanzo za mimba, anahitaji mikrogramu 400 za foliki asidi kila siku, ili mtoto asizaliwe na kasoro ya uti wa mgongo. Faida yake ilithibitishwa mwaka 1991 na haina shaka. Mjamzito katika nchi zetu hupewa pia chuma kliniki, naye asiiache. Watoto wa miezi 6 hadi 59 hupewa matone ya vitamini A kila miezi sita, nayo ni kinga iliyopimwa. Mtoto mwenye kuhara hupewa maji ya chumvi na sukari ya kitaalamu pamoja na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14. Ndugu zetu walioko Ulaya na Amerika ya Kaskazini, ambako jua la baridi ni hafifu, nao wana ngozi nyeusi na mavazi ya stara, aghalabu hupungukiwa na vitamini D, na inafaa waulize daktari wao.

Na Pemba hiyo hiyo ina mfano mwingine wa kutuzuia tusipite mpaka kwa upande wa pili. Nani angedhani kuwa watu wa kisiwa, wenye kula samaki wa bahari, watapungukiwa na madini joto? Lakini uchunguzi uliotangazwa mwaka 2006 ulionyesha kuwa Zanzibar ilikuwa na upungufu huo, na Pemba zaidi kuliko Unguja. Dawa yake si kula samaki zaidi. Ni kununua chumvi iliyotiwa madini joto. Kwa hivyo asiseme mtu, "Mimi nala chakula cha asili, sihitaji elimu." Kapu nalo linataka elimu.

Ukiyatazama yote haya niliyoyataja, utaona yana sifa moja. Kila kimoja kina mtu wake, kiasi chake, muda wake na sababu yake iliyojulikana. Hiyo ndiyo sifa ya dawa. Vitamini iliyo chupani ni dawa, nayo ipewe heshima ya dawa. Balaa ni kuifanya chakula, au kuifanya hirizi, mtu akaimeza kila siku kwa kudhani kuwa haiwezi kudhuru. Vitamini A ikizidi hukusanyika katika ini, na mjamzito akiimeza kupita kiasi humdhuru mtoto aliye tumboni. Vidonge vya chuma vya mama, mtoto akivipata akavila kama peremende, vinaweza kumwua. Kwa ajili hiyo viwekwe juu, na vifungwe.

Kwa nyumba ya Kiislamu liko jambo jingine la kuangaliwa. Vidonge vingi laini vyenye ganda linaloteleza, na peremende za vitamini ambazo watoto hupewa, ganda lake ni jelatini, kitu kinachotolewa katika ngozi na mifupa ya wanyama. Ikiwa hakikuandikwa ni mnyama gani, haitoshi kukisia. Mwenye duka aulizwe, na maandishi yasomwe. Zipo zilizotengenezwa kwa jelatini ya halali, na zipo zenye maganda ya mimea. Matembele na mapera hayana suala hilo.

Turudi jikoni, kwani huko ndiko inakoamuliwa siha ya nyumba. Haya tuliyoyaona Pemba yanaweza kufanywa Tanga, Lamu, Mombasa, Ujiji na popote penye soko. Majani ya kijani yawemo katika chakula cha kila siku, yapikwe kwa tui au mafuta kidogo, wala yasichemshwe mpaka yakafa na maji yake yakamwagwa, kwani vitamini C huharibika kwa moto na hutoka na maji. Kisamvu kitwangwe na kupikwa sana, maana kina sumu ambayo moto ndio huiondoa. Kunde na choroko zisionekane ni chakula cha masikini; zina protini na chuma na foleti. Dagaa waliwe wazima na mifupa yao, mwili upate chokaa. Anayeweza kupata mchele usiokobolewa sana asiukimbie kwa kuwa si mweupe. Weupe wa mchele ni uzuri wa sahani, si uzuri wa mwili. Ndimu ikamuliwe mezani. Na tunda moja liwe haki ya kila mtoto kila siku, badala ya zile soda na biskuti tunazowapa kwa kuona kuwa ndiyo mapenzi.

Kisha ihesabiwe bei. Fedha ya chupa moja ya vitamini yenye picha nzuri inanunua mafungu mengi ya mchicha, na mayai, na dagaa, vitu ambavyo nyumba nzima itakula. Mwenye kipato kidogo ndiye anayepaswa kulijua hili zaidi, kwani yeye ndiye anayelengwa na matangazo, na yeye ndiye mwenye hasara kubwa akikosea.

Vijana wetu wanaosoma nao nawaambia: msiidharau elimu ya bibi wa sokoni, wala msiidharau elimu ya maabara. Bibi amehifadhi namna ya kupika iliyojaribiwa vizazi kwa vizazi. Maabara imetupa kipimo cha kujua lini chakula kinatosha na lini mtu anahitaji dawa. Pemba ina vyote viwili, na watoto wa Pemba ndio walioilipia dunia gharama ya kulijua hili. Deni lao kwetu ni dogo kulilipa: mtoto akinyong'onyea, mbebe umpeleke akapimwe kabla ya kumnywesha chochote, na akiwa mzima, umlishe vizuri ili adumu katika uzima wake.

Mwili ni amana, na mwenye kupewa amana huichunga kwa ujuzi, si kwa kubahatisha. Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zetu siha, riziki ya halali na elimu yenye manufaa.